Mpwa wangu kazaliwa mkono umelegea, sasa tumeletewa karatasi tusaini

Mjomba wa Tandahimba ameandika:

Shikamooni mnaostahili, na wengine habari za humu.

Mimi ni bodaboda hapa Tandahimba, kuandika si kazi yangu, mtanivumilia. Naandika kwa niaba ya dada yangu, maana simu yake ni ya kitochi. Na huku kwetu mtoto akikohoa tu anaulizwa mjomba, kwa hiyo hata ningekaa kimya lingenirudia.

Dada kajifungua mwishoni mwa Mei. Mtoto wa kiume, wa tatu kwake, kilo 4.6. Yule wa pili alikuwa 4.1, alitoka kwa shida lakini alitoka mzima. Safari hii kliniki kahudhuria mara tano, kadi ninayo hapa mkononi. Pale pa kipimo cha sukari ni peupe. Aliulizia, akaambiwa vipimo vimeisha aje mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, ukapita.

Uchungu ulimuanza jioni. Nikampeleka mwenyewe kwa pikipiki, mama yetu kakaa nyuma kamshikilia (mishikaki, najua, trafiki mliomo humu mnisamehe). Kituo sikitaji jina, mjue tu ni cha serikali. Saa 9 usiku kichwa kikatoka. Dada anasema kilitoka halafu kikajivuta kurudi ndani kama kobe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Manesi walikuwa wawili. Mmoja alipanda kwenye stuli akawa anakandamiza tumbo kwa mikono miwili, mwenzake kashika kichwa anavuta. Mama alikuwa upande wa pili wa pazia. Anasema alikuwa anasikia "sukuma, sukuma", ila mpaka leo hajui alikuwa anaambiwa dada asukume au yule wa kwenye stuli.

Mtoto akatoka hana rangi. Wakamhangaikia, akalia. Tukashukuru.

Asubuhi mama akiwa anambadilisha nguo ndipo akaona mkono wa kulia haufanyi kitu. Ukiuinua ukauachia, unaanguka. Umenyooka, umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma, utadhani bwana mkubwa anapokea bahasha asionekane. Vidole vinashika, ukimpa chako anakibana sawasawa. Lakini kiwiko hakikunji na bega haliinuki. Tukauliza, tukajibiwa "kaulalia, utarudi wenyewe", tukaruhusiwa.

Leo ni wiki ya saba. Mama anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni na kuunyoosha mkono kwa mafuta ya nazi. Jirani kasema huo ni upepo, achanjwe chale begani. Hilo nimelikataa, na nimenuniwa.

Juzijuzi sasa. Kaja mtu wa pale kituoni, mtu mzima, kwa heshima zote, na shilingi laki tatu, sukari kilo mbili na doti ya kanga. Na karatasi iliyopigwa chapa. Imeandikwa kwamba familia imeridhika na huduma, imepokea "mkono wa pole" na haitakuwa na madai yoyote sasa wala baadaye. Nafasi ya sahihi ya mama, ya baba, na ya shahidi. Shahidi ndiyo mimi. Dada kaifungua ile kanga akasoma jina lake: "Yaliyopita si ndwele". Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue, kisha akalia.

Shemeji anataka tusaini. Yuko shambani anapiga salfa, hela zetu zote bado ni maua juu ya mikorosho, laki tatu kwa sasa ni hela. Na mmoja wa wale manesi ni mtoto wa jirani yake. Mimi nataka kushtaki. Dada ukimuuliza anasema anataka mkono.

Nimeomba siku kumi nifikirie. Zimebaki sita. Huu mkono unapona? Tukisaini ndiyo basi? Na mtu kama mimi anaanzia wapi kuishtaki serikali?

---

Fizio Mikindani amejibu:

Mjomba, tuanze na mkono, karatasi itasubiri. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watoto wa namna hii nawapokea.

Shingoni, kila upande, zinatoka neva tano kubwa za kwenda mkononi. Kabla hazijashuka zinapitiana na kusukwa pamoja kama ukili. Bega likikwama nyuma ya mfupa wa kinena na kichwa kikavutwa kwenda upande, ukili ule unavutika. Za juu ndizo huumia kwanza, nazo ndizo zinazoinua bega na kukunja kiwiko. Za vidole ziko chini. Ndiyo maana mpwa wako anakubana kidole lakini hawezi kupeleka mkono mdomoni. Hali hii inaitwa kupooza kwa Erb, kwa jina la daktari Mjerumani, Wilhelm Erb, aliyeieleza mwaka 1874. Mwambie huyo jirani kwamba upepo hauhusiki, na wewe kukataa chale umefanya la maana.

Inapona? Inategemea neva imefanywa nini. Iliyovutika tu hurudi ndani ya wiki kadhaa au miezi michache, na wengi wako kundi hili. Iliyochanika hukua polepole mno, kama milimita 1 kwa siku, tena ikipata njia. Iliyong'oka kwenye uti wa mgongo hairudi yenyewe. Kwa jumla watoto wengi hupona vizuri, lakini katika kila 10 wawili au watatu hubaki na upungufu, bega gumu au mkono mfupi kidogo. Kwa hiyo hiyo "utarudi wenyewe" mliyoambiwa ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba kuna tarehe ya kuangalia.

Tarehe yenyewe ni miezi mitatu. Akitimiza miezi mitatu hajaanza kukunja kiwiko kwa nguvu zake mwenyewe, hapo si suala la kusubiri tena. Aonwe na daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, maana upasuaji wa kurekebisha neva, pale unapohitajika, kwa kawaida hufanyika kati ya mwezi wa tatu na wa tisa. Ukingoja sana msuli unasahau kazi, hata neva ikifika haikuti mtu nyumbani. Wa kwenu anatimiza miezi mitatu mwishoni mwa Agosti. Msingoje mnada wa korosho.

Mambo ya leo leo:

Maji ya moto mama aache. Ngozi ya mkono ule huenda haihisi sawasawa, mtoto anaweza kuungua asilie. Mafuta ya nazi hayana kosa. Kuunyoosha kwa kuuvuta ni kosa kubwa, kilichomuumiza ni kuvutwa. Msimnyanyue kwa makwapa wala kwa mikono, mshikeni kichwani na makalioni. Zoezi analohitaji ni laini, mara chache chache kila anapobadilishwa nepi: kiwiko kimekunjwa kikiwa ubavuni, kisha mkono unageuzwa taratibu kutazama nje. Hilo usilijaribu kwa kusoma hapa, njoo nikushike mkono nikuonyeshe.

Mwangalie pia usoni kwenye mwanga. Kama kope la jicho la kulia limelegea na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili, au akipumua kifua kinahangaika, njooni kesho. Na hata kama hakuna, njooni wiki hii, tupige picha ya mtulinga na mfupa wa juu wa mkono tujue havikuvunjika. Ligula, hospitali ya mkoa Mtwara, kuna fiziotherapia, wa kupelekwa juu zaidi wanaenda Hospitali ya Kanda kule Mitengo au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar.

---

Kijana wa Magomeni amejibu:

Mkuu usisaini kabisa! Marekani mkono kama huo watu wanalipwa mamilioni ya dola. Taja kituo hapa, taja na majina ya hao manesi, nchi nzima iwajue.

---

Mjomba wa Tandahimba amejibu:

Nikiwataja, dada akibeba mimba ya nne atamzalisha nani? Wewe?

Fizio, asante sana. Kope liko sawa, tumelitazama kwa tochi ya simu watu wanne, mtoto akakasirika. Maji ya moto mama kaacha. Hajafurahi, lakini kaacha.

---

Wakili wa Mtwara amejibu:

Mjomba, umeuliza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Nitajibu kwa jumla tu, wakili hatoi ushauri kamili kwa mtu ambaye karatasi zake hajaziona.

Kwanza huyo kijana wa Magomeni asikuponze. Ukitaja watu mtandaoni ukakosea neno moja, wewe ndiye utakuwa unatafuta wakili wa kukutetea.

Pili, karatasi. Msisaini. Haki ya kudai fidia ya mkono ule ni ya mtoto mwenyewe, ninyi mnamshikia tu. Kesi ya mtoto ikiwa mahakamani, hata makubaliano ya kuimaliza hayaendi bila ruhusa ya mahakama, kwa sababu sheria inajua wazazi wana njaa. Siwezi kukuambia karatasi ya namna hiyo ina nguvu kiasi gani juu ya haki ya mtoto, ila najua itakavyotumika: itawekwa mezani siku ya kwanza, na sahihi ya mjomba iko pale chini. Hela mkiamua kuirudisha, irudisheni mbele ya mtu, mwenyekiti wa kitongoji kwa mfano, na iandikwe kwamba imerudishwa. Wakisema ni pole tu haina masharti, waambie waitoe bila karatasi. Utaona.

Tatu, muda. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapokosea pande zote mbili. Madai ya uzembe kwa Sheria ya Ukomo yana miaka 3. Lakini kwa mtoto, saa haianzi kuhesabu mpaka afikishe miaka 18. Yaani mpwa wako ana muda mrefu kuliko umri wa pikipiki yako mara tano. Madai ya dada yako mwenyewe, kama alichanika, na gharama zilizotoka mifukoni mwenu, hayo ni yenu watu wazima na miaka 3 inahesabika tangu siku ile. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia mahakamani kabla ya zile siku sita zako. Sita za nini? Hiyo tarehe mmejiwekea ninyi na yule bwana, haiko kwenye sheria.

Kisichosubiri ni karatasi. Dada yako aandike barua leo kwa mganga mfawidhi, aombe nakala ya faili lake la uzazi. Ataje hasa ile fomu wanayochora maendeleo ya uchungu, patografu, na maelezo ya namna mtoto alivyotoka. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo. Wakimzungusha, barua ya pili iende kwa mganga mkuu wa wilaya. Kadi ya kliniki ipigeni picha kurasa zote, hasa ule ukurasa wenye peupe penu. Mama aandikishwe maelezo sasa hivi angali anakumbuka, pamoja na hilo la "sukuma, sukuma" na kwamba hajui aliambiwa nani. Msimsaidie kukumbuka. Shahidi anayesema hajui pale asipojua ndiye anayeaminika pale anapojua. Tiketi za basi na risiti za dawa wekeni kwenye bahasha moja, maana fidia ya gharama hailipwi kwa makadirio, ni kwa risiti.

Kuishtaki serikali: unaanza na notisi ya siku 90, inayoeleza mnadai nini na kwa msingi gani, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu na halmashauri. Kituo kingekuwa cha mtu binafsi au cha misheni notisi hiyo isingehitajika. Siku 90 zikiisha bila jibu la maana, kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ya kanda hii iko hapa hapa Mtwara mjini. Mtoto anashtaki kupitia mtu mzima, mahakamani anaitwa rafiki wa karibu. Najua umeshajiona wewe. Afadhali awe mama yake.

Sasa lile gumu. Mahakama haitauliza kama mtoto aliumia. Itauliza kama aliumia kwa sababu mtu hakufanya kazi yake kama mwenye taaluma hiyo alivyopaswa kuifanya. Kwa hilo utahitaji daktari au mkunga mwenye ujuzi asimame aseme hivyo, na huyo ndiye mgumu kumpata kuliko wakili. Waingereza wana kesi ya Montgomery, Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 2015: mama mwenye kisukari, mwili mdogo, hakuambiwa kwamba kwa hali yake hatari ya bega la mtoto kukwama ni karibu asilimia 9 mpaka 10. Bega likakwama, mtoto akaumia ubongo na mkono. Alishindwa mahakama mbili za chini, akashinda juu, fidia pauni milioni 5.25. Kwetu kesi ile haimfungi jaji, inamshawishi tu. Lakini uone kilichomshindia: hawakumwambia. Nimerudi kusoma maelezo yako: mtoto wa pili kilo 4.1, sukari haikupimwa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya stuli.

Hela ya wakili kama hakuna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani. Ulizeni kwa msajili msaidizi pale halmashauri. Mkitaka muuguzi awajibishwe bila kutafuta fidia, malalamiko yanaenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza halilipi mtu.

---

Mkunga Mstaafu, Lindi amejibu:

Wanangu, nimezalisha miaka 31, vituo vya Ruangwa, Liwale na Lindi mjini. Nisikilizeni na mimi.

Bega likikwama, una dakika chache sana. Kichwa kiko nje, kifua kimebanwa ndani, mtoto hapati hewa. Saa 9 usiku, wawili, taa ya kichwani, hakuna daktari. Nimewahi kuwa hapo mara nne. Mara moja mfupa wa mtulinga ulivunjika mikononi mwangu, nikausikia, kama kuvunja kuni mbichi. Mtoto yule yuko hai, ana duka Mnazi Mmoja, namnunulia vocha. Kwa hiyo msiseme kila mkono uliolegea kuna mwovu nyuma yake. Kuna watoto wanaumia mkono hakuna aliyevuta, uchungu wenyewe umewabana, na hata wa upasuaji wamo. Wala uzito peke yake hautabiri: karibu nusu ya matukio haya ni watoto walio chini ya kilo 4.

Lakini Mjomba, kuna kitu umeandika kimeninyima usingizi. Yule wa kwenye stuli alikuwa anakandamiza wapi?

Tunafundishwa hivi. Unaita msaada. Mama unamlaza chali, magoti yote mawili unayakunja mpaka karibu na kifua chake, nyonga inafunguka. Msaidizi anakandamiza hapa chini, juu tu ya mfupa wa kinena, kwa ubavu kidogo, kulitoa bega lililonasa. Ikishindikana unaingiza mkono, unautafuta mkono wa mtoto wa nyuma, unautoa huo kwanza. Au unamgeuza mama apige magoti na viganja. Kichwa huvuti kwa nguvu wala hukizungushi. Na kukandamiza juu ya tumbo, kule kwenye kilele cha mfuko wa uzazi, ni marufuku, kwa sababu unalisukuma bega lizidi kujikita kwenye mfupa.

Kwa hiyo mkono wa yule binti ulikuwa juu ya kitovu au chini yake? Kama chini, huenda alikuwa anafanya sawasawa na huo mkono ni bei ya uhai. Kama juu, ni jambo jingine. Dada ndiye anayejua, mwili wake unakumbuka. Muulize akiwa peke yake, asijue jibu gani unalitaka. Na muulize pia kama magoti walimkunja.

Halafu hilo la kliniki wakili kaliona, na mimi naliunga mkono. Mama aliyewahi kuzaa 4.1 kwa taabu, safari ya tatu tumbo kubwa, mimi ningemwandikia rufaa akazalie hospitali. Si kwa sababu bega lingekwama, hakuna ajuaye. Ni ili likikwama kuwe na mikono mingi.

---

Mama wa Nachingwea amejibu:

Nimesoma yote huku natetemeka. Wangu ana miaka 9, mkono wa kushoto.

Mimi hakuna aliyeniletea karatasi wala sukari. Mazoezi nilianza vizuri, alipofika miezi mitano msimu ukaingia, nikawa nashinda kwenye korosho, nauli ya kila wiki ikanishinda, nikasema nitarudi Januari. Nilirudi Machi. Bega lilikuwa limekaza kama mlango uliovimba masika. Kiwiko kilikuja kukunja chenyewe, bega halikurudi vile. Ana miaka minne akapasuliwa Dar, wakahamisha misuli, sasa mkono anaufikisha sikioni. Juu ya kichwa bado. Anacheza mpira, wenzake hawamweki golikipa, nalo linamuuma kuliko daktari yeyote aliyewahi kumchoma.

Kesi nilitaka kufungua akiwa na miaka sita. Kadi nilikuwa nimeitia kwenye mkoba wa vyeti juu ya kabati, mchwa walikula kona yote yenye maandishi. Nikaenda kituoni kuomba rejista, nikaambiwa za mwaka ule zilihamishiwa stoo, na stoo ilivuja. Sikupata hata mtu wa kumkasirikia, waliokuwepo wote walikuwa wageni, mmoja alinipa kiti. Kaka, piga picha hiyo kadi sasa hivi. Hata kabla ya kunijibu.

Na shemeji yako usimseme vibaya sana. Wangu naye alitaka yaishe. Si kwamba hawajali. Wanaume huku wakishindwa kulipa nauli wanasema ni mipango ya Mungu.

---

Mjomba wa Tandahimba amejibu:

Kadi nimeipiga picha, kurasa zote, nimeituma kwa watu watatu, mmoja wao hanijui vizuri.

Bibi Mkunga, nilimuuliza dada tukiwa wawili nyuma ya jiko. Sikusema juu wala chini. Nikamwambia nioneshe. Akauweka mkono wake mwenyewe hapa, chini ya matiti, karibu na mbavu. Magoti anasema hakuna aliyemgusa, miguu ilikuwa imening'inia pembeni ya kitanda na alikuwa anaogopa kuanguka. Nimeandika kwenye daftari, tarehe na saa, na yeye kaweka dole gumba ingawa anajua kusoma, kasema hivyo ndiyo inaonekana ya kweli zaidi.

Barua imepokelewa jana, muhuri ninao. Mganga mfawidhi mwenyewe alikuwa mwungwana, kanipa tarehe ya kurudi. Yule bwana wa karatasi sikumwona. Hela tumerudisha mbele ya mwenyekiti, ikaandikwa. Sukari ilikuwa imeshanyweka, tukaandika na hiyo. Kanga dada kakataa kuitoa, anambebea mtoto.

Kesi hatujaamua. Shemeji kasema kama mkono ukirudi yeye hataki ugomvi na jirani, na kama haukurudi nimuulize tena. Nimeona ni jibu la mtu mzima, sikumbishia. Jumanne tunapanda gari la alfajiri kuja Mtwara, nauli katoa yeye, kakopa kwa mwenye salfa.

Kiwiko bado. Ila juzi akiwa ananyonya bega lilicheza. Mama anasema aliota, dada anasema aliona.

Fizio, swali dogo, ndani wanabishana tangu asubuhi. Wakimvalisha shati waanze na mkono upi?

---

Fizio Mikindani amejibu:

Kuvaa waanze na unaoumwa. Kuvua wamalizie nao. Jumanne mkifika mniulizie dirishani, mje na hilo shati.